Mtu amepokea majibu ya VVU leo: uanze na nini? (jibu kwa mshauri mpya wa Katuba)

Mdogo wangu, kwa faida ya wanaoingia hapa katikati ya mazungumzo, nirudie kwanza ulichouliza. Umemaliza mafunzo ya ushauri nasaha, umepangiwa kituo kimoja cha afya Katuba, hapa Lubumbashi, na fomu uliyopewa inakutaka, mtu akipata majibu kwamba ana VVU, umweleze siku hiyo hiyo njia za maambukizi, kondomu, kupunguza wapenzi, kumwambia mwenzi, kisha uandike majina ya aliolala nao. Unafanya yote, unatia alama kila kisanduku, mtu anaitikia "ndiyo mama, ndiyo mama", anatoka mlangoni na humwoni tena. Umeuliza pia ufanye nini na mwanaume anayekataa katakata kumwambia mkewe. Na umeuliza kama ni kweli mtu ambaye virusi vyake havionekani haambukizi, au ni maneno ya kuwatuliza wagonjwa. Na kijuujuu, ukagusia daftari la namba za simu za wagonjwa.

Mimi ni mshauri rika huku Kampemba. Naishi na VVU tangu 2009, kwa hiyo kabla ya kukaa upande wa meza unaokaa wewe, nilikaa ule mwingine. Nitajibu kwa ninayoyaona kila siku, na utanisamehe nikikaa sana pahali fulani na kupita haraka pengine.

Fomu yako haina ubaya. Shida yake ni kwamba imeandikwa kana kwamba anayeambiwa ana masikio siku hiyo. Hana. Ukishamtamkia tu kwamba ana VVU, yeye amekwisha ondoka: anamwona mjomba wake aliyekonda akabaki mifupa enzi zile dawa hazijafika, anawaza nani atalipa masomo ya watoto, anawaza wapangaji wenzake wa parsele, kiwanja wanachoishi pamoja, watasemaje. Wewe hapo unaendelea na somo la kondomu, naye anaitikia kwa adabu. Ile "ndiyo mama" si ya kuelewa, ni ya kutaka kutoka.

Kwa hiyo siku ya kwanza mimi nina lengo moja: arudi. Hata kumlinda mkewe, au mpenzi wake, au mtoto atakayezaliwa, kunapitia hapo hapo. Kinachokata maambukizi kuliko hotuba zote ni dawa inayomezwa kila siku. Hili lilijaribiwa kwa watu. Kuna utafiti ulioitwa HPTN 052, uliochukua wenzi 1,763 ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, wengi wao wakiwa Afrika, pamoja na Malawi na Zimbabwe ambako si mbali na sisi. Majibu yalitoka mwaka 2011: pale mwenye VVU alipoanzishiwa dawa mapema, maambukizi kwa mwenzake yalipungua kwa asilimia 96. Wote walikuwa wakipewa kondomu na ushauri, hata wale waliocheleweshewa dawa. Tofauti ilikuwa kidonge.

Halafu kuna jambo ambalo mafunzo hayalisemi waziwazi. Kondomu inahitaji watu wawili wakubaliane, na mara nyingi asiye na sauti ndiye anayeumia. Kidonge kinahitaji mtu mmoja. Mama anayefanya kazi ya usiku karibu na maegesho ya malori kule Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mwanaume akimwongezea pesa ili asivae, unafikiri somo lako la kondomu linamsaidia kiasi gani saa hiyo? Kidonge ameshakimeza jioni, hakumwomba mtu ruhusa. Sisemi kondomu iachwe, nitaifikia. Nasema usiiweke mbele ya dawa.

Basi siku hiyo nasema machache, polepole, kwa Kiswahili chetu cha hapa: "Una virusi vya sida. Dawa iko, ni kidonge kimoja kwa siku, na dawa yenyewe hailipiwi. Ukimeza vizuri utazeeka, na itafika siku hutaweza kumwambukiza mtu kitandani. Kwa sasa, mpaka tupime wingi wa virusi, tumia kapoti, kondomu." Basi. Nanyamaza. Ukimya huo washauri wapya wanauogopa sana, wanaujaza maneno. Uache. Mtu atalia, au atatazama ukuta, au atauliza swali lake la kweli, na swali hilo ndilo linalokuonyesha pa kuanzia.

Maswali yenyewe huwa mawili. La kwanza, "Mama, njo nimekufa?" Hapo mimi hujitaja. Namwambia nilipoanza dawa, na kwamba vidonge vya siku hizo vilikuwa vikali. Wengi wetu tulimeza stavudini, ikatuachia ganzi na kuchomwachomwa miguuni. Cha leo ni kimoja, kina tenofovir, lamivudini na dolutegravir ndani yake, na Shirika la Afya Duniani lilishakipa nafasi ya kwanza tangu 2019. Wewe kama huna VVU usijifanye unayo. Tafuta mshauri rika akae nawe dakika kumi. Mgonjwa akimwona mtu mnene, amevaa kitenge chake vizuri, anacheka, anaambiwa kwamba huyu naye anayo tangu zamani, hiyo peke yake inamaliza nusu ya kazi.

Swali la pili ni "Nani ameniletea?" Hapa kuwa mwangalifu, maana likichukua nafasi litakula mazungumzo yote, na nyumbani litageuka ngumi. Kipimo hakisemi nani alianza. Mtu anaweza kuishi na virusi miaka bila dalili, na kati ya wanandoa anayepimwa kwanza ndiye anayebebeshwa lawama: mara nyingi ni mama mjamzito, kwa sababu yeye ndiye anayepimwa kliniki. Mzee mmoja alinibishia kwamba ugonjwa huu waliuleta wageni wa migodi juzi juzi. Nikamwambia wanasayansi waliochapisha kazi yao katika jarida la Science mwaka 2014 walifuatilia ukoo wa virusi hivi, wakaona vilianza kusambaa Kinshasa miaka ya 1920, kisha vikafuata reli mpaka Mbuji-Mayi na hapa hapa Lubumbashi, kabla yeye na mimi hatujazaliwa. Alikaa kimya, halafu akasema, "Basi hata treni ingepimwa." Tukacheka. Tangu hapo mkewe hakuitwa tena malaya. Si kila mtu atacheka, lakini umeelewa ninachotafuta: kulitoa swali la nani na kuweka la tufanye nini.

Dawa kuanza siku hiyo hiyo inaruhusiwa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza hivyo mwaka 2017, mradi mtu yuko tayari. Usimsukume. Na kabla hajameza, hakikisha muuguzi amemuuliza habari ya kifua kikuu: kukohoa, jasho la usiku, homa, kupungua uzito. Na kichwa kinachouma vibaya bila kuacha kisipuuzwe. Mji wetu una vumbi na wachimbaji wengi, kifua kikuu kiko. Akiwa ameanza dawa ya kifua kikuu yenye rifampisini, dolutegravir huongezwa, humezwa asubuhi na jioni. Hayo ni ya muuguzi, lakini wewe ndiwe unayeambiwa siri ambazo muuguzi haambiwi, kwa hiyo uyajue. Vilevile mjue mwanamke anayemeza vidonge vya damu au vya kalsiamu, na mzee wa dawa za kiungulia: vinazuia dolutegravir isiingie mwilini vizuri. Ameze ya VVU saa mbili kabla ya hivyo, au asubiri zipite saa sita baada yake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nikikaa na mtu mara ya pili nalipa muda kuliko yote: kopo la dawa litakaa wapi. Utaona ni dogo. Watu hawaachi dawa kwa sababu wameikataa. Wanaiacha kwa sababu ya kopo. Parsele zetu zina vyumba viwili, shangazi amekuja kutoka Kasenga analala sebuleni, watoto wanapekua kila kitu, na kopo lenye vidonge ukiligusa linalia kama kayamba. Mama mmoja alikuwa akisubiri umeme wa SNEL ukatike ndipo ameze, siku umeme ukikaa usiku kucha, hamezi. Tulimaliza shida yake kwa pamba: weka kipande cha pamba safi juu ya vidonge, kopo linanyamaza. Mwingine alihamisha vidonge kwenye kifuko cha plastiki, unyevu ukaviharibu. Vibaki kwenye kopo lake, na kile kifuko kidogo cha kukausha unyevu kisitupwe. Bandua karatasi ya nje kama inatisha, andika "vitamini" ukitaka. Wengine huficha ndani ya unga wa bukari, lakini siku shemeji akija kupika mambo yanaharibika, nimeliona hilo. Kwa wengi begi la kazini ni salama kuliko nyumbani.

Na saa. Usimwambie "saa mbili usiku kamili" kama yeye ni fundi wa zamu mgodini. Muulize siku yake inavyokwenda, mchague kitu anachofanya kila siku bila kukosa, kidonge kiambatane nacho. Akichelewa saa chache ameze akikumbuka, asiruke siku nzima kwa kuogopa kwamba ameshakosea.

Dereva wa Kasumbalesa ana shida yake. Foleni ya malori inaweza kumshika siku nyingi kuliko alivyopanga, dawa zikamwishia upande wa Zambia. Huyu asipewe za mwezi mmoja. Akishatulia kwenye matibabu anaruhusiwa miezi mitatu, hata sita pale akiba ipo, na abebe karatasi ya kituo inayoonyesha anameza nini, ili kliniki ya upande wa pili imsaidie bila kuanza upya. Kuna pia vituo vya kugawa dawa mtaani vinavyoendeshwa na watu wanaoishi na VVU wenyewe, vile tunaviita PODI, vilivyoanzia Kinshasa mwaka 2010. Kwa mtu anayeogopa kuonekana kwenye benchi la hospitali ni nafuu kubwa. Mwaka 2025 misaada ya nje ilipotetereka, kila siku niliulizwa kama dawa zitaisha. Jibu langu lilikuwa lile lile: usigawanye kidonge, usiruke siku ili kuweka akiba, njoo uulize mapema.

Nimefika kwenye swali lako la tatu. Ni kweli. Mtu anayemeza dawa vizuri, kipimo kikaonyesha virusi havionekani katika damu, haambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Si faraja. Baada ya ule utafiti wa 2011 ulikuja mwingine wa Ulaya, PARTNER, uliotangazwa 2016: wenzi 888, mmoja ana VVU na virusi vyake vimedhibitiwa, mwingine hana, wakaripoti matendo takriban 58,000 bila kondomu, na hakukuwa na hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzake huyo. Wa pili, wa wanaume wanaolala na wanaume, ulitoka 2019 ukaonyesha hivyo hivyo. Dereva niliyemweleza hili hakushangazwa na sifuri. Alishangazwa na kwamba Wazungu walikubali kuhesabiwa.

Lakini lazima ulieleze lote, usilitoe nusu. Wale wachache walioambukizwa na wenzao katika utafiti wa 2011 ingawa mwenzi ameanza dawa, ilikuwa kabla virusi havijashuka, au pale dawa iliposhindwa kuvishusha. Ndiyo maana mwanzo ni wa hatari. Kwa wengi inachukua mpaka miezi sita kufika kwenye kutoonekana. Miezi hiyo ndiyo ya kondomu bila mjadala. Na kama mtu ameambukizwa majuzi tu, wiki za kwanza virusi vinakuwa vingi mno katika damu, pengine kuliko wakati wowote baadaye, naye hana dalili, au alidhani ni malaria. Huyo ndiye wa kumshika mkono zaidi.

Hapo unaona umuhimu wa ile shaji virali, kipimo cha wingi wa virusi katika damu. Ya kwanza mwezi wa sita, ya pili mwezi wa kumi na mbili, kisha mara moja kwa mwaka. Mshauri anayesema "unaonekana mzima, bila shaka havionekani" anamdanganya mtu. Afya ya uso haisomi damu. Majibu yakirudi, msomee. Shirika la Afya Duniani lilifafanua mwaka 2023: kisichoonekana kabisa kwenye kipimo, hatari ya kumwambukiza mwenzi ni sifuri. Kilichoonekana lakini ni nakala 1,000 za virusi au chini kwa mililita ya damu, hatari ni ndogo sana karibu na sifuri. Juu ya hapo, rudini kwenye kondomu, na muulize taratibu kopo linakaa wapi. Usianze kwa kumkaripia. Ukimkaripia, safari ijayo atakuja amemwaga vidonge chooni ili hesabu ikubali.

Kuna mipaka ya habari hii njema. Haizuii kaswende wala kisonono wala mimba. Haihusu sindano ya kuchangia. Na kwa kunyonyesha hatusemi sifuri: dawa ya mama inapunguza hatari mno, lakini maziwa hayakuwa sehemu ya tafiti hizo. Mama asiyetibiwa, kuanzia mimba mpaka mwisho wa kunyonyesha, anaweza kumpa mtoto kwa asilimia 15 hadi 45. Akitibiwa na mtoto akafuatwa, inashuka chini ya 5. Kwa hiyo mama ameze, mtoto apewe dawa yake ya maji wiki sita za mwanzo, anyonye maziwa matupu miezi sita bila uji wala maji ya dawa za kienyeji, na apimwe kwenye wiki ya sita. Nyanya ndiye atakayeleta maji ya mizizi, kwa upendo kabisa. Zungumza na nyanya.

Utaulizwa pia kuhusu sahani, choo, mbu, kukumbatiana. Havipitishi. Pita haraka, ila usimcheke anayeuliza. Kuna baba aliyekuwa amejitengea kikombe chake na kuacha kuwabeba wanawe, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Sasa mwanaume wa swali lako la pili. Kwanza, siri ni yake. Hata kama mkewe ni rafiki yako wa kanisani, humwambii. Nchi yetu ina sheria ya tarehe 14 Julai 2008 inayolinda haki za wanaoishi na VVU, na usiri umo. Sheria hiyo ilikuwa na kifungu cha kuadhibu anayeambukiza kwa makusudi, kikaondolewa mwaka 2018. Wengi wetu tulifurahi, kwa sababu kifungu kile kiliwafanya watu waogope kupima: usipojua huna kesi. Ingawa sheria ya 2006 ya ukatili wa kijinsia bado inataja maambukizi ya makusudi, kwa hiyo usijifanye mwanasheria mbele ya mgonjwa, na usimtishe mtu kwa jela.

Pili, anapokataa, uliza anaogopa nini hasa. "Hataki" si jibu. Mmoja anaogopa kufukuzwa, mwingine anaogopa wakwe watadai mahari ibaki kwao na binti arudi, mwingine ana nyumba ya pili Likasi na anaogopa hiyo ndiyo itakayofichuka. Kwa wanawake hofu huwa kipigo, na hapo usisukume hata kidogo. Muulize kwanza kama amewahi kupigwa au kutishiwa. Akisema ndiyo, kumwambia mume kunasubiri, usalama unatangulia, na ujue pa kumpeleka. Kutaja majina ya wapenzi ni hiari. Jina lililotolewa kwa kubanwa ni la uongo au ni la kumletea mtu balaa.

Kwa asiye na hatari ya kupigwa, njia ziko kadhaa, na Shirika la Afya Duniani lilizikubali tangu 2016. Aseme mwenyewe. Au aseme akiwa na wewe. Au kituo kimwite mwenzi bila kumtaja aliyetoa jina. Au mpeane muda: "Tukutane baada ya wiki mbili, ukiwa hujasema tutafikiri pamoja nani aseme." Njia ninayoipenda ni kumwomba alete mkewe wapimwe wote wawili kama wapya. Mume wa Ruashi niliyekuwa naye alikataa hilo pia, akasema ni mchezo wa kuigiza. Tukafanya mazoezi. Mimi nikawa mkewe, nikaketi na mikono kiunoni:

"Kwa nini siku hizi unataka kapoti? Uko na bibi mwingine?"

Akajibu, "Hapana mama, ni... muganga alisema."

"Muganga gani? Unaugua nini?"

Akakwama hapo. Tukatafuta sentensi ambayo angeweza kuisema kwa kinywa chake, tukaibadilisha mpaka ikawa ya kwake: "Nilipimwa, waliona virusi, nimeanza dawa, na sitaki wewe uumie. Twende nawe wakupime." Mara ya kwanza aliisema akitazama sakafu. Tuliirudia mpaka akaweza kuinua macho. Alimwambia mkewe Jumapili baada ya chakula, watoto wakiwa nje. Mkewe alimjibu, "Ni weye njo uliniletea," akalia, hakula siku mbili, kisha akaja kupimwa. Hakuwa na virusi.

Hilo litakushangaza mpaka uzoee: wameishi miaka, mmoja anavyo, mwingine hana. Watasema damu yake ni ngumu, au kipimo kimekosea, au mmoja ametoka nje jana. Waeleze kwamba si kila tendo linapitisha virusi, na kwamba bahati si kinga. Asiyekuwa navyo arudi kupima baada ya miezi mitatu, kwani kipimo hakioni maambukizi ya wiki chache. Wakati mwenzake akisubiri virusi vishuke, yeye anaweza kupewa PrEP, dawa ya kumeza ya kinga, pale inapopatikana. Na kama kondomu imepasuka, au amebakwa, asingoje kesho kutwa: kuna dawa za siku 28 ambazo lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Wanaotaka mtoto, wangoje shaji virali ishuke, kisha waendelee kama watu wengine. Ukiwaambia hivyo utaona nyuso zinavyobadilika, maana wengi walidhani hilo limekwisha.

Kwa mwenzi anayekataa kuja kituoni kuna kipimo cha kujipima mwenyewe kwa mate. Mke humpelekea mume nyumbani. Kikionyesha mistari miwili bado si jibu la mwisho, lazima aje apimwe upya kituoni. Na usimpe mtu kipimo cha kumpima mwenzi kwa nguvu au akiwa amelewa. Nimeombwa hivyo, nikakataa.

Kuhusu kanisa, maana utakutana nalo kabla ya mwezi kwisha. Pasta atamwambia dada yako amepona, alete kopo mbele ya madhabahu. Usigombane na maombi, utashindwa na utampoteza mtu. Mimi husema, "Omba, na umeze. Ukiona umepona, njoo tupime pamoja kabla ya kuacha." Hapo ndipo kutoonekana kunapoweza kukugeuka: kipimo kitatoka bila virusi, naye atasema ni muujiza. Mweleze mapema, kabla ya majibu, kwamba virusi viko kama makala, yaani makaa, kwenye mbabula iliyofunikwa majivu. Dawa ndiyo majivu. Akiacha, ndani ya wiki chache tu vinarudi, na hapo anaambukiza tena huku akiamini amepona. Wapo wachungaji wanaoelewa, tena wao wenyewe wanameza. Mtafute mmoja wa mtaa wako, atakusaidia kuliko semina.

Mwisho, umeuliza kijuujuu kuhusu daftari la namba za simu. Usilichukulie poa. Muulize mtu akuandikie jina gani, na ukipiga ujitambulishe kama nani. Kwa wengine mimi ni mama wa likelemba, ule mchezo wa kuchangiana pesa, kwa mwingine ni muuza kapenta. Uliza simu ni ya nani na nani mwingine anaipokea. Usitume ujumbe wenye neno dawa, wala jina la kituo, wala neno majibu. Asipokuja siku yake, piga siku hiyo hiyo jioni. Ukingoja mwezi utamkuta amehama parsele. Na usianze na "mbona hukuja". Mwulize ameamkaje.

Daftari lenyewe lisibaki juu ya meza ukienda kula.